Alikosa Nini

Kaka Paluku, umeniuliza nasoma nini
usiku huu wote kwa taa ya simu.
Nimekalia gunia lako la makala,
karatasi zangu zimeshika weusi wako,
basi nitakujibu kwa barabara unayoijua.

Ndani ya kila seli ya mguu wako wa kulia,
ule unaosukuma chukudu,
mna kiini, na ndani ya kiini mna uzi
mrefu kuliko kimo chako,
umekunjwa mahali ambamo punje ya chumvi haienei.
Umeandikwa namna ya kuunga mfupa,
namna ya kufunga kidonda cha goti.
Uzi wenyewe hautoki humo. Hutoka nakala.

Mnukuzi hana macho.
Anasimama langoni, anaupanua uzi, anaanza kwenda.
Na hapa ndipo nilipoweka kalamu chini nikacheka:
lango halina upande.
Mmoja anashika njia ya jeni,
mwenzake, lango hilohilo, mgongo kwa mgongo,
anaelekea kusikoandikwa kitu cha kumfaa mtu.
Kama Kibumba alfajiri, ukungu bado mzito:
mwenye viazi anateremka Goma,
mwingine anageuza usukani kwenda Rutshuru,
na aliyewafungulia kibanda
hakuwauliza.

"Sasa nani anajua njia?"
Njia yenyewe, kaka.

Kuna barieri pande zote mbili.
Kamba kati ya mapipa mawili,
maandishi ya herufi sita tu,
A mbili, T, halafu A tatu:
shusha hapa, kata.
Lakini upande wa jeni kuna vijana wadogo
wanagawa jetoni, tena mapema,
hatua chache tu kutoka langoni.
Mwenye kamba akiona jetoni hutazama pembeni,
na mnukuzi anapita,
herufi elfu, elfu kumi, laki,
mpaka jetoni zinapokwisha
na kukatwa kunakuwa ndiko kufika.

Upande wa pili jetoni ni za kuokota,
kamba ni nyingi.
Hafiki mbali. Anashushwa.
Kinakala chake kinaingizwa mkia kwanza
katika pipa lenye meno,
na chai yako haijapoa
hakuna wa kusema kilikuwapo.

Ulikuwa unakaza mpira wa gurudumu.
Ukaacha.
"Huyo wa pili, alikosa nini?"

Nikajibu haraka, kama mtu wa mtihani:
hakukosa kitu, alikosa jetoni.
Kisha nikalisikia neno langu
likigeuka na kunitazama.

Najua ulikuwa unamwona Muhindo,
siku ile ya Kanyaruchinya,
magunia manne ya viazi chini,
wakavipika palepale, mbele yake,
wakamwonjesha kimoja.
Akarudi kwa mama yake na chukudu tupu,
na jirani wakasema hana akili ya biashara.
Chukudu yake na yako zilichongwa
kwa mkaratusi mmoja.

Karatasi ya mwisho inasema jambo moja zaidi,
kwa kusitasita, maana wenyewe bado wanabishana:
kwamba njia hizo za kupotea,
miaka isiyo na mtu wa kuihesabu,
hupungukiwa kamba huku, hupata jetoni kule,
mpaka siku moja nakala inafika,
na seli inakuwa na jeni
ambayo haikuwa nayo.

Hilo sikuwahi kukwambia. Ulishalala,
kichwa juu ya ubao, viatu miguuni.
Simu imebaki asilimia nne.
Saa tisa utapanda tena.
Mfuko wa kushoto wa koti lako
nimetia noti mbili za mia tano,
ya kamba ya kwanza
na ya pili.
Ya tatu sina.